Nani Alimpoteza Maimuna?

Darasani kwetu tulibishana juu ya riwaya ya Utengano (1980) yake Said Ahmed Mohamed. Wengi walisema Maimuna alipotezwa na Bi Farashuu. Mimi nilikataa katakata. Kweli yule bibi ana kisasi chake, lakini mlango ulifungwa na nani? Si Bwana Maksuudi? Msichana aliyefungiwa ndani, dunia haijui, akiitwa mara moja tu huyo katoroka.

Jioni nilimsomea mama, koroboi ikifuka moshi. Kumbe baba, asiyemruhusu dada hata kwenda sokoni, alikuwa akisikiliza! Akauliza, "Huyo Maksuudi ni wa wapi?"

"Ni wa kitabuni, baba."

Akanyamaza. Jumamosi dada akatumwa sokoni kuleta sukuma wiki, ila mimi niliambiwa nimfuate nyuma.