Meza na Shamba

JUMANNE

Soma 2 Samweli 9:1–13. Ni vitu gani viwili Daudi alimpa Mefiboshethi? Kwa nini vyote viwili vilihitajika?

Mefiboshethi alilemaa miguu yote miwili akiwa na umri wa miaka mitano (2 Sam. 4:4). Aliishi Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine. Alipoitwa na mfalme alijilinganisha na mbwa mfu (2 Sam. 9:8).

Daudi alimpa nafasi mezani pake, tena akamrudishia mashamba yote ya Sauli. Siba, wanawe 15 na watumishi 20 waliagizwa kuyalima na kuleta mavuno. Mefiboshethi hakuponywa; sura inamalizika akiwa bado amelemaa. Hata hivyo, alikuwa na mahali pa kuketi na mali iliyo yake.

Fikiria mshiriki anayetembea kwa magongo katika kata ya Mirongo, jijini Mwanza. Kwa miaka kadhaa kanisa limemsaidia unga na kodi ya chumba. Sasa anataka kushona viatu, lakini anaogopa. Wakimwona na sindano mkononi watasema, "Sasa anajiweza," na msaada utakoma kabla hajapata wateja.

Njia zipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Lakini mkopo hurejeshwa, na wateja hawaji kwa siku moja.

Hapa kanisa lina wajibu (soma Walawi 25:35). Ndugu huyu asiondolewe mezani siku anapopewa shamba. Wala asiachwe mezani miaka yote bila shamba. Yesu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Mashemasi nao wamwulize, wapatane naye msaada upungue lini, kisha wampelekee viatu vyao avishone, na wamlipe.

Je, kuna mtu ambaye kanisa lako linamlisha, lakini halijawahi kumwuliza angependa kufanya kazi gani? Utaanzaje kuzungumza naye juma hili?