SOMO KWA MADEREVA NA MAFUNDI: SUPACHAJA NA TABO HUISHI MUDA GANI?



Mara nyingi huletwa mbele yetu shauri la namna moja. Dereva wa lori la miwa au la majani ya chai ameambiwa, "Wewe umeua tabo ya kampuni, utailipa." Dereva anakana, msimamizi wa gereji anashikilia neno lake, na sisi viongozi wa chama tunakaa katikati bila kujua chombo chenyewe hufa kwa sababu gani. Tuliona aibu. Basi tulikwenda kwa mafundi, tukafunguliwa tabo mbovu mezani, tukachafua mikono. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Kuongeza mafuta ni rahisi. Kuongeza hewa ndiyo kazi. Supachaja ni pampu inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, kupita vile injini inavyoweza kuivuta yenyewe. Mhunzi hufanya vivyo hivyo kwa mivukuto yake. Tena asili ya chombo hiki ni kiwandani, si barabarani. Ndugu wawili wa Marekani, jina la ukoo wao Roots, walikuwa na kiwanda cha nguo za sufu katika jimbo la Indiana. Mwaka 1860 walipata hati ya uvumbuzi wa pampu yao ya hewa, nayo ikatumika kupuliza tanuri za chuma na kupeleka hewa migodini, wakati motokaa hazijaonekana duniani.

Ziko namna mbili. Ya kwanza huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Hiyo ndiyo watu huiita supachaja hasa, na hapa Kampala utaiona katika zile Mercedes zilizoandikwa Kompressor nyuma. Ya pili huzungushwa na moshi wa ekzosi, nayo ndiyo tabo. Ndugu zetu wa viwanda vya sukari wataielewa upesi. Kwenu boila inachoma makapi ya miwa, na mvuke unazungusha tabaini. Tabo ni tabaini ndogo ya kushika mkononi, ila inazungushwa na moshi badala ya mvuke, na upande wa pili wa shafti kuna feni inayosukuma hewa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya jambo hilo mwaka 1905. Malori yetu karibu yote ya dizeli ya siku hizi yana tabo.

Sasa swali lenyewe. Supachaja ya mkanda, ikiendeshwa kwa safari za kila siku, kwa kawaida hufika kilomita 150,000 na kupita, na nyingi huzeeka pamoja na injini. Sababu ni kwamba muda mwingi haina kazi nzito. Dereva akikanyaga kidogo tu, kuna valvu inayofunguka na kuirudisha hewa nyuma, nayo supachaja huzunguka bila mzigo. Zile rota zake mbili hazigusani. Zinashikwa na gia zilizo ndani ya oili yake peke yake. Kinachochoka kwanza ni mkanda, beringi ya puli na sili za oili. Oili hiyo ni kidogo sana, na wenye magari wengi hawajui hata kwamba ipo. Ukisikia mkwaruzo kama kokoto ndani ya kopo, mwite fundi kabla ya safari nyingine. Hiyo yatosha, maana wengi wetu hatuendeshi Mercedes.

Tabo ndiyo yenye mashauri. Mafundi husema kwamba tabo iliyotunzwa huenda kilomita 150,000 hata 250,000, na ya lori kubwa inaweza kuzidi hapo. Lakini tumeona pia tabo mpya iliyokufa kabla mwezi haujaisha. Je, tofauti hiyo kubwa inatoka wapi? Haitoki katika umri.

Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na zile ndogo hupita 200,000. Hakuna beringi ya kawaida ya gari inayovumilia mwendo huo. Kwa hiyo shafti haikai juu ya chuma; inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini. Upande mmoja wa shafti hiyo hiyo kuna moshi wenye joto la nyuzi 700 na zaidi. Oili ikikosekana kwa sekunde chache tu, chuma kinagusa chuma. Oili ikiwa chafu, uchafu unakuwa kama tupa. Ndiyo maana dereva akiwasha gari asubuhi na kukanyaga mafuta papo hapo, anaiumiza tabo kabla oili haijaifikia. Na akitoka mlimani na mzigo kisha akazima mara moja, ile oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi magumu yanayoziba njia. Dakika moja au mbili za kuiacha injini inguruma polepole zinatosha. Tunasema haya wazi kwa sababu wako madereva wenzetu wenye makosa hayo, na chama hakiwezi kuwatetea kwa uwongo.

Lakini oili haibadilishwi na dereva. Filta hainunuliwi na dereva. Vitabu vya watengenezaji wengi wa magari huagiza oili na filta vibadilishwe mapema zaidi kwa gari linalofanya kazi katika vumbi na mizigo mizito, na barabara za mashamba yetu ni murramu mtupu. Kampala nako si kupole. Gari linatambaa katika foleni ya Jinja Road saa nzima, injini inaguna bila kwenda, saa za kazi ya injini zinaongezeka na kilomita haziongezeki. Ukihesabu kilomita peke yake, utadhani oili bado ni nzima. Tena mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi. Malori yanayotoka Mombasa hupanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Tabo huifidia hewa hiyo nyepesi kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, yaani kwa kujichosha zaidi.

Na hapa tueleze shauri moja, bila kutaja kampuni. Lori la miwa lilipoteza nguvu, likatoa moshi, tabo ikavunjika. Dereva, mtu wa miaka mingi kazini, aliambiwa atakatwa mshahara miezi kadhaa. Tulimwomba meneja jambo moja tu: tabo ifunguliwe mbele ya wote. Ilipofunguliwa, yale mapanga madogo ya feni ya upande wa hewa yalikuwa yamelika kingo, butu kama jembe la zamani. Fundi akatuambia kwamba hilo si joto wala si mguu wa dereva, hilo ni vumbi. Tukaomba filta ya hewa iletwe. Ilikuwa imechanika, ikazibwa kwa kipande cha gunia.

"Bwana meneja," dereva alisema, "filta hii niliiomba mara mbili."

"Uliiomba wapi? Iko wapi karatasi?"

Karatasi haikuwako. Aliomba kwa mdomo, mlangoni mwa stoo, na mtu wa stoo hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka. Hatukushinda yote siku ile. Makato yalifutwa, lakini dereva alipewa barua ya onyo, na barua ile imebaki katika faili lake. Sisi tuliondoka tumekasirika, naye zaidi yetu.

Kwa hiyo jifunzeni kuisoma tabo iliyokufa, maana inasema. Mapanga ya upande wa hewa yakiwa yamelika sawasawa, ni vumbi lililopita kwenye filta au kwenye mpira uliopasuka. Yakiwa yamevunjika au kupinda mahali, kuna kitu kigumu kilichoingia: nati, kipande cha gasketi, au kitambaa kilichosahauliwa gereji. Shafti ikiwa imegeuka rangi ya buluu, ilikosa oili. Ikiwa na mikwaruzo ya kuizunguka, oili ilikuwa chafu. Na tabo mpya ikifa upesi kama ile ya kwanza, ulizeni kama bomba la oili linaloilisha lilisafishwa au kubadilishwa. Mara nyingi ni lile lile, na masizi yale yale ndani.

Kabla haijafa pia hutoa dalili. Mluzi mpya kama king'ora, moshi mweusi na gari halina nguvu mlimani, moshi wa buluu, oili inayopungua bila kuvuja chini. Wenye kununua tabo iliyotumika pale Kisekka waishike shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwa ubavu ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, mrudishie mwenyewe.

Dereva, andika. Kila lori liwe na daftari la makosa, na kama kampuni haitoi, nunua daftari la shule. Andika tarehe, kilomita, ulichosikia na ulichoomba, kisha msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na tanboi wako atie sahihi ya ushahidi. Mpe mjumbe wa chama nakala.

Na ukiitwa kujibu shtaka linaloweza kukufukuzisha kazi, usiende peke yako. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na kukuruhusu uje na mtu uliyemchagua mwenyewe. Mchague mjumbe wenu. Naye neno lake la kwanza liwe kuomba vitu vitatu viwekwe mezani kabla ya maneno mengine: tabo yenyewe ikiwa imefunguliwa, filta ya hewa iliyotolewa siku ile, na kitabu cha gereji kinachoonyesha oili ilibadilishwa lini.