KUUZA MASHUA ILIYOTENGENEZWA UPYA

Mkoa wetu wa Singida hauna bahari, lakini maji tunayo. Mjini kuna maziwa ya Singidani na Kindai. Kule Iramba kuna Ziwa Kitangiri, ambalo hupata maji ya mto Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Watu wanavua Kitangiri kwa mitumbwi. Wengine wanakwenda mbali zaidi, hadi Ziwa Victoria, wanavua kwa mashua za tanga au za mashine, na baada ya miaka kadhaa wanarudi nyumbani.

Leo tutazungumza juu ya mtu kama huyo. Tuseme ni mvuvi wa Iramba aliyenunua mashua ya tanga huko Mwanza. Sasa umri umekwenda. Anataka kurudi kijijini kulima alizeti, na anahitaji fedha za kununua maksai wawili kabla ya mvua kuanza. Mali yake kubwa ni mashua hiyo moja tu. Akiiuza vibaya, hana maksai. Na aliyeinunua akidanganywa, anaweza kupoteza zaidi ya fedha, maana shamba baya linakunyima mavuno, lakini mashua mbovu inakuzamisha.

Mashua ya mbao huchakaa. Mbao zinaoza, hasa pale maji yanapotuama ndani. Misumari inaliwa na kutu. Pamba iliyozibwa kati ya mbao inatoka. Mvuvi wetu alipoitangaza mashua yake ikiwa hivyo, walikuja watu wawili, wakaizunguka, wakaondoka. Mmoja alimpa bei ya shilingi 650,000. Ndipo akaamua kumwita fundi.

Hapa chini ni gharama alizoandika katika daftari. Bei hizi ni za mfano tu, ili tujifunze hesabu:

Mbao 6, kila mmoja Sh. 25,000 . . . . . 150,000
Kusafirisha mbao . . . . . 20,000
Misumari kilo 5, kila kilo Sh. 6,000 . . . . . 30,000
Pamba na mafuta ya kuzibia . . . . . 35,000
Fundi siku 6, kila siku Sh. 20,000 . . . . . 120,000
Rangi . . . . . 40,000
Tanga jipya . . . . . 85,000
Jumla . . . . . 480,000

Kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, mafundi wa pwani wanaiita kukalafati. Wao hupaka pia upande wa chini mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa, unaoitwa deheni, ili mbao zisiharibike upesi. Ni kazi ya zamani sana na bado inafaa.

Sasa, bei. Mvuvi wetu alikumbuka kwamba mashua ilipokuwa mpya aliinunua kwa Sh. 1,200,000. Akajumlisha na 480,000 za matengenezo, akapata Sh. 1,680,000. Akasema, "Hiyo ndiyo bei yangu, sipunguzi hata senti."

Je, hesabu yake ni sahihi? Kujumlisha amejumlisha sawasawa. Lakini bei siyo sahihi hata kidogo. Kwa fundi yule yule mashua mpya ya urefu ule ule na tanga lake ni Sh. 1,600,000. Nani atanunua ya zamani kwa bei kubwa kuliko mpya? Amesahau kwamba ameitumia mashua miaka mitano, na samaki aliouza miaka hiyo ndio waliomlipa sehemu ya ile 1,200,000. Mnunuzi hanunui jasho lililopita. Ananunua miaka iliyobaki katika chombo.

Njia iliyo bora ni kuuliza mwaloni: mashua kama hii, ya umri kama huu, iliyo nzima, zimeuzwa kwa kiasi gani siku hizi? Mvuvi wetu aliuliza watu watatu. Jirani yake alikuwa ameuza kwa 1,100,000. Basi akaanza kwa bei hiyo, mwisho wakapatana 1,050,000. Tuangalie. Bila matengenezo angepata 650,000. Baada ya matengenezo amepata 1,050,000. Ongezeko ni 400,000, na yeye alitumia 480,000. Amepungukiwa 80,000! Hili linawashangaza wengi, lakini ndivyo ilivyo kwa vyombo vilivyotumika, iwe mashua, iwe baiskeli, iwe trekta. Fedha za matengenezo hazirudi zote. Mbao, misumari na pamba ni lazima, kwa sababu bila hivyo chombo hakielei. Lakini tanga jipya la 85,000 alikuwa na haja gani nalo? La zamani lingetiwa viraka, na mnunuzi angejinunulia jipya akitaka. Kama unatengeneza ili uuze, tengeneza kile ambacho mnunuzi akikikosa ataondoka. Mengine mwachie yeye.

Rangi nayo ina maneno yake. Rangi inakinga mbao, ni kweli. Lakini kila mvuvi anajua kwamba rangi mpya hufunika mbao mbovu, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili akiona mashua inang'aa anaanza kuwa na wasiwasi. Mimi nashauri umwite mnunuzi aione mashua kabla haijapakwa rangi, hata wakati fundi bado anafanya kazi. Hifadhi vipande vya mbao mbovu zilizotolewa, na risiti za mbao mpya. Vitu hivyo vinauza kuliko maneno matamu.

Sikiliza mazungumzo haya.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Karibu."
"Nimekuja kuiona mashua. Je, inavuja?"
"Imekaa juani wiki tatu, mbao zimekauka. Ukiitia majini leo itaingiza maji. Ikilala majini mbao zitavimba na maji yatapungua. Tuiache usiku huu, kesho asubuhi tupime kwa ndoo."
"Na kule tezi, mbona pamezibwa?"
"Ubao ule una ufa. Fundi ameuziba, hakuubadilisha. Nakuambia sasa ili usije ukauona mwenyewe mwezi ujao."

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo. Ya mbele inaitwa omo.

Muuzaji huyu amesema ukweli, na hakupoteza kitu. Maji ya siku ya kwanza si ubovu, ila lazima mtu aelezwe, la sivyo atadhani ameibiwa. Kuhusu ufa, kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) inahesabu kuficha jambo kwa makusudi, ili kumdanganya mwenzako, kuwa ni udanganyifu. Aliyedanganywa hivyo anaweza kuukataa mkataba. Maana yake, fedha unazozipata kwa kuficha ufa huenda ukatakiwa kuzirudisha, na maksai umekwisha kununua.

Na wewe mnunuzi usikae tu kusikiliza. Chukua kisu, choma ubao taratibu kwa ncha. Ubao mzima unakataa; ulio oza unaingia kama mkate. Gonga kwa mkono usikie mlio. Ingia ndani, utazame pale maji yanapotuama. Angalia vichwa vya misumari. Kisha pandeni pamoja, mtweke tanga, mwende na kurudi. Hakuna haya katika kukagua.

Chombo kuwa cha zamani si kosa. Iko meli moja ambayo historia yake inatugusa sisi wa Singida. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Dar es Salaam. Vipande vilipita kwa Reli ya Kati, yaani Manyoni na Itigi, hadi Kigoma, vikaunganishwa upya. Mwaka 1915 ikaingia majini katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini mafundi walipaka mashine zake grisi nyingi kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mashine zikakutwa bado zinafaa. Ilitengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji! Ndiyo maana mnunuzi asiulize umri peke yake. Aulize chombo kimetunzwa vipi.

Turudi kwa mvuvi wetu. Wamepatana, lakini mnunuzi ana Sh. 700,000 tu mkononi. Hapa ndipo urafiki mwingi unapovunjika, na hapa ndipo kisomo chako kina kazi. Andikeni hati. Nakala iwe mbili, kila mmoja abaki na yake. Unaweza kuinakili hii:

"Mimi . . . . . . wa kijiji cha . . . . . ., leo tarehe . . . . . ., nimemwuzia ndugu . . . . . . wa . . . . . . mashua yangu ya mbao, urefu mita 7, namba ya usajili . . . . . ., pamoja na mlingoti 1, tanga 1, makasia 4 na nanga 1. Bei ni Sh. 1,050,000 (shilingi milioni moja na hamsini elfu). Nimepokea Sh. 700,000 (shilingi laki saba). Zimebaki Sh. 350,000 (shilingi laki tatu na hamsini elfu), zitakazolipwa tarehe . . . . . . Mbao 6 za ubavuni zimebadilishwa. Ubao 1 karibu na tezi una ufa uliozibwa, na mnunuzi ameonyeshwa.
Sahihi ya muuzaji . . . . . .
Sahihi ya mnunuzi . . . . . .
Shahidi wa 1 . . . . . .
Shahidi wa 2 . . . . . ."

Fedha ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu ni rahisi kuongezewa sifuri. Maneno si rahisi. Orodhesheni pia vitu vinavyokwenda na mashua. Nimeona watu wakigombana juu ya nanga, siyo juu ya mashua. Na kama fedha zimetumwa kwa simu, msiufute ule ujumbe.

Jambo jingine ni usajili na leseni. Kwa Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, uvuvi na vyombo vyake vinasimamiwa na serikali. Usidhani leseni ya muuzaji inahama yenyewe pamoja na mashua. Nendeni wote wawili kwa Ofisa Uvuvi wa halmashauri mlipo, kabla fedha ya mwisho haijalipwa, jina la mwenye chombo libadilishwe. Muuzaji asione ni shughuli ya mnunuzi peke yake. Chombo kikikamatwa na nyavu haramu huku kimeandikwa jina lako, wewe ndiye utakayetafutwa, hata kama uko shambani Iramba unapalilia alizeti.

MASWALI

1. Kwa nini bei ya Sh. 1,680,000 haikufaa?
2. Kama mvuvi asingenunua tanga jipya, bali angetia viraka kwa Sh. 15,000, jumla ya gharama zake ingekuwa kiasi gani?
3. Mashua iliyokaa juani inaingiza maji siku ya kwanza. Je, ni mbovu? Eleza.
4. Mwenzako anauza mtumbwi Kitangiri kwa Sh. 400,000. Amepokea Sh. 250,000. Andika hati ya mauziano yao. Usisahau mashahidi.
5. Zungumzeni katika kikundi: muuzaji akinyamaza tu juu ya ufa, bila kusema uongo wowote, je, amedanganya?