Kila Upepo na Mgeni Wake: Niliyojifunza Kati ya Garsen na Ghuba ya Ungwana

Wageni wakinipigia simu huuliza, "Ni mwezi gani mzuri kuja?" Mimi ni mtu wa Garsen, kazi yangu gari la kukodi kati ya Malindi, Garsen, Kipini na Lamu, na swali hilo nimeshazoea kulijibu kwa swali: unataka kumwona nani? Pwani hii inaendeshwa na upepo na maji. Kusi ikiingia huleta wageni wake, kaskazi ikiingia huleta wageni wake, na mto nao una tarehe zake ambazo hazijali kalenda ya ukutani. Haya ndiyo niliyoyapata kwa miaka ya kubeba watu wanaotafuta nyangumi, ndege na bahari.

1. Nyangumi hupenda msimu ambao hoteli hazipendi

Nyangumi tunaowaona huku ni nyangumi nundu, wale wenye mapezi marefu ya pembeni na tabia ya kuruka juu mwili mzima. Mkubwa wao hufika urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30. Desemba hadi Machi wako Antaktika wanakula krili, vidudu vidogo vya jamii ya kamba. Baridi ya kule ikikaza hupanda kaskazini. Wapo wanaoishia Madagascar na Msumbiji, na wapo wanaoendelea hadi Tanzania na kwetu. Wanafuata maji ya vuguvugu ya kuzalia na kupandana. Mimba yao huchukua takriban mwaka mzima, kwa hiyo jike aliyepandwa msimu huu anaweza kuja kuzaa msimu ujao.

Wa kwanza huonekana mwishoni mwa Juni au Julai. Agosti na Septemba ndiyo miezi yao hasa, na Oktoba wengi wameshageuza. Kwa maneno mengine, huja na kusi. Sasa muulize mwenye hoteli yeyote wa Malindi kuhusu kusi. Atakwambia mwani umejaa ufukweni, maji yamechafuka, wageni wa Ulaya hawaji, na wapo wanaofunga milango kuanzia Aprili. Mtalii wa Ulaya anakuja Desemba, kaskazi inapovuma na bahari imetulia, na kwa muda mrefu utalii wetu wote umepangwa kumfuata yeye. Basi mnyama mkubwa kama huyu anapita mbele ya pwani hii wakati vitanda ni vitupu.

2. Tope la Tana linalisha ghuba na linaficha nyangumi

Watu wa kwetu huniuliza kwa nini niwapeleke wageni Watamu wakati Kipini iko hapa hapa katika kaunti yetu ya Tana River. Jibu liko kwenye maji yenyewe. Simama Kipini, pale Tana inapomwagikia baharini, uangalie rangi: ni ya chai ya maziwa. Mto huo umetoka Aberdare na Mlima Kenya, umetembea karibu kilomita 1,000, na kila mahali ulipopita umechota udongo. Zamani haukuwa ukitokea hapo. Ulikuwa na mdomo wake kusini zaidi, hadi katika karne ya 19 Sultani wa Witu alipochimbisha mfereji wa Belazoni kuuunganisha na Mto Ozi, na baadaye maji yakajichagulia njia hiyo mpya.

Udongo huo ndio unaolisha kamba, na ndiyo sababu Ghuba ya Ungwana ni uwanja mkuu wa uvuvi wa kamba nchini Kenya. Ndiyo sababu pia ya ugomvi wa miaka mingi kati ya wavuvi wadogo na meli za trola, ugomvi uliofanya uvuvi wa trola usimamishwe mwaka 2006 kwa miaka kadhaa. Lakini kwa mtafuta nyangumi, ghuba hii ni ngumu. Ni pana na kina chake ni kifupi, na sakafu ya bahari inateremka polepole mno. Ili ufike kilindini lazima uende mbali sana. Watamu ni kinyume chake. Ukishatoka nje ya mwamba, muda si muda bahari inaporomoka, na nyangumi hupita karibu kiasi kwamba kuna siku unaweza kuwaona ukiwa umesimama nchi kavu.

Tena kuna fungu la mchanga mdomoni mwa mto pale Kipini. Kusi ikiwa kali mawimbi hupasuka juu yake, na nahodha hana budi kusubiri maji yajae ndipo atoke. Wavuvi wa Kipini wanaovua nje huwaona nyangumi, na wana habari nyingi kuwahusu. Mgeni mwenye watoto wadogo, hata hivyo, simpeleki kuvuka fungu lile mwezi wa Julai. Namwambia wazi: nyangumi kamwone Watamu, kisha urudi kwetu, tuna mengine.

3. Jicho litafute pumzi

Mgeni mpya hutazama maji akingoja mwili mkubwa. Mzoefu hutazama upeo wa bahari akitafuta pumzi: mvuke mweupe unaopanda ghafla, unakaa kidogo, halafu upepo unaupeperusha. Ukishaiona ya kwanza, hesabu. Mkubwa huvuta pumzi mara kadhaa karibu karibu, kisha hukunja mgongo, mkia unainuka, anazama. Anaweza kukaa chini dakika kumi au zaidi. Akiwa na mtoto, tulia tu, kwa sababu mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu hivyo, na mama hupanda naye.

Chini ya mkia kuna madoa meupe na meusi yasiyofanana kwa nyangumi wawili, kama alama za vidole. Watafiti huwatambua kwa picha za mikia hiyo. Watamu Marine Association imekuwa ikikusanya picha na taarifa za manahodha na wavuvi, kwa hiyo mwenye simu yenye kamera nzuri anaweza kuwa na faida kubwa kuliko anavyodhani.

La mwisho hapa: tokeni alfajiri, kabla upepo haujakaza, na Agosti kwenda mbele, demani ikianza kuituliza bahari. Tangawizi husaidia tumbo. Chapati za mafuta kabla ya safari hazisaidii.

4. Baba wa mvuvi hakuwaona kwa sababu hawakuwepo

Mvuvi mmoja wa Kipini, mtu wa makamo, aliwahi kunieleza kwamba baba yake alimtaja nyangumi kama kitu cha hadithi, na yeye sasa huona pumzi zao kila kusi. Alidhani labda bahari imebadilika. Nilipoanza kusoma habari hizi nikaona kwamba kilichobadilika ni binadamu.

Katika karne ya 20 meli za kuwinda nyangumi ziliua zaidi ya nyangumi nundu laki mbili katika nusu ya kusini ya dunia, wengi wao kule kule Antaktika wanakokula. Walipewa ulinzi mwaka 1963, na hata baada ya hapo meli za Muungano wa Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi yao, kwa pendekezo la Ushelisheli, nchi ndogo kabisa kwa watu na ardhi. Marufuku ya uwindaji wa biashara duniani ilianza kutumika msimu wa 1985/86. Baba wa yule mvuvi alivua katika miaka mibaya kuliko yote. Mwanawe amekuta wajukuu wa wachache walionusurika.

Habari hii huwa nawasimulia wageni njiani, baina ya Gongoni na Marereni, mahali penye mashamba ya chumvi na hakuna kingine cha kuangalia. Husikilizwa kuliko habari nyingine zote ninazozijua.

5. Nahodha mwema huzima haraka yake

Nahodha afaaye hamfukuzi nyangumi. Hupunguza mwendo mapema, hukaa umbali wa mita mia moja hivi, hatangulii mbele yake, na kamwe hapitishi boti kati ya mama na mtoto. Mkipata nahodha anayepiga moto mashine kila pumzi inapotokea, mwambieni apunguze. Mara nyingi ukinyamaza, mnyama mwenyewe husogea.

6. Kaskazi nayo ina watu wake

Mtu asiyeweza kuja Agosti asikate tamaa. Novemba ikifika na kaskazi ikashika, papa shilingi hupita, samaki mkubwa kuliko wote baharini, mpole, chakula chake vijidudu vinavyoelea. Ndege wa pwani waliozaliana Siberia na Ulaya huwa wameshatua kwenye matope ya Hori la Mida, mdomoni mwa Mto Sabaki na katika delta ya Tana. Hukaa hadi Machi au Aprili, kisha huondoka. Ni upepo huu huu uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Arabuni na Ghuba, nayo yakasubiri kusi yarudi kwao. Inafurahisha kwamba kusi nayo ina ndege wake: wapo wanaovuka kutoka Madagascar mwezi wa Aprili na kukaa Sabaki hadi Septemba, wakati wenzao wa Siberia hawapo.

Kaskazi pia ni msimu wa maembe ya huku kwetu, boribo na ngowe, na gari langu hunuka maembe hadi Februari. Sijawahi kupata mgeni aliyelalamika.

7. Garsen ina tamasha lake, ila tarehe inapangwa mbali

Hapa ndipo penye moyo wangu. Mafuriko ya masika yakiwa mazuri, maji hutambaa kutoka mtoni na kuingia kwenye vichaka na nyanda karibu na Garsen na Idsowe, na ndege hukusanyika kwa maelfu kujenga viota: yangeyange, kwarara, domomwiko, korongo wa aina nyingi. Delta ya Tana ni mojawapo ya mahali pachache nchini Kenya ambapo ndege wa maji huzaliana kwa makundi makubwa namna hiyo, na tangu mwaka 2012 inatambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kelele na harufu ya vinyesi utaijua kabla hujafika. Mwaka ambao maji ni mengi, msimu wa viota hugusana na msimu wa nyangumi, na mtu anaweza kuviona vyote katika juma moja.

Lakini mwaka ambao maji hayakuja, hakuna viota. Na maji yetu hayategemei mvua ya Garsen. Tunafurika kukiwa na jua kali, kwa sababu mvua imenyesha Nyeri au Embu siku nyingi zilizopita. Siku hizi kuna mkono mwingine kati: mabwawa ya umeme, kubwa kuliko yote likiwa Masinga lililokamilika mwaka 1981, na Kiambere likafuata 1988. Mabwawa hayo huyashika mafuriko madogo ambayo Mpokomo alilimia mpunga na Muorma akalishia ng'ombe, na ndege wakajengea viota. Yakijaa, hufurika yote kwa pamoja, na sisi wa chini husikia onyo redioni tuhame. Kwa hiyo tulipata kiu ya miaka, kisha maji ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yaliyobeba nyumba na mashamba. Ninapomwambia mgeni kwamba sijui kama mwaka huu ndege watajenga, hiyo ndiyo sababu.

8. Uliza barabara kabla ya kuuliza bei

Malindi hadi Garsen ni zaidi kidogo ya kilomita 100 za lami, na lami sasa inaendelea hadi Lamu. Hata hivyo, mafuriko makubwa hukata njia upande wa Gamba, na hapo gari hugeuza au watu huvushwa kwa boti. Anayekwenda Kipini huiacha barabara ya Lamu pale Witu. Piga simu kwa mtu aliyeko huko asubuhi ile ile, si jana yake.

9. Agosti ni likizo yetu wenyewe

Shule za Kenya hufungwa Agosti, nyangumi wako mbele ya Watamu, vyumba viko wazi, na mwenye hoteli yuko tayari kuongea bei. Bado katika miezi hiyo nimebeba watafiti na wageni wa nje wengi kuliko wanafunzi wa Tana River. Mtoto wa Garsen anajifunza kumhusu nyangumi katika kitabu, naye yuko mwendo wa saa chache tu kutoka aliko nyangumi mwenyewe. Walimu wakuu, wazazi, na nyinyi wa kaunti mnaopanga bajeti ya utalii: kodisheni basi moja kila Agosti, tafuteni boti zenye majaketi ya kuokolea, na muwapeleke. Sisi madereva na manahodha tukiambiwa mapema tutashusha nauli.