Kumnasa Jabari kwa Kamera: Vidokezo Sita

Katikati ya Januari, saa nne usiku, kundinyota la Jabari huwa karibu na utosi kwa sisi wa Afrika Mashariki. Tafuta zile nyota tatu za mkanda wake, kisha shuka kusini kidogo hadi kwenye upanga. Kile kidoa kama moshi si nyota. Ni nebula ya M42, wingu la gesi lililo umbali wa miaka nuru 1,300 hivi.

1. Usikope hela ya darubini. Kamera yenye lenzi ya milimita 50 hadi 200 na stendi ya miguu mitatu inatosha. Mwanaastronomia Henry Draper alipoipiga picha nebula hii kwa mara ya kwanza, Septemba 1880, alihitaji dakika 51; kamera za leo hunasa mwanga upesi zaidi. Chagua usiku usio na mbalamwezi.

2. Gawanya 500 kwa milimita za lenzi, upate muda wa kuacha kamera wazi kabla nyota hazijaburuzika pichani. Kwa milimita 50 unapata sekunde 10. Mimi napunguza hadi 5, maana Jabari yuko kwenye ikweta ya anga, na huko nyota hukimbia kuliko kwingine. Picha zangu za kwanza zilitoka tambi tupu.

3. Piga nyingi. Picha 200 za sekunde 5 ni kama dakika 17 za mwanga. Ziunganishe kwa Siril, programu ya bure, na chenga zitapungua sana.

4. Wekundu ni haidrojeni. Nyota changa za katikati hutoa miale ya urujuanimno inayong'oa elektroni. Zikirudi mahali pake, gesi hung'aa kwa mwanga wa nanomita 656. Kichujio kilicho ndani ya kamera za kawaida hukata sehemu kubwa ya mwanga huo, ndiyo maana picha hutoka na rangi ya waridi. Usiongeze wekundu kwenye kompyuta mpaka ifanane na biriani iliyozidi rangi.

5. Ukijani wa katikati ni oksijeni, na una kisa. Mwaka 1864 William Huggins aliona mwanga huo katika nebula nyingine, nao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wataalamu wakabuni elementi mpya, "nebulium". Mwaka 1927 ndipo Ira Bowen alipofumbua fumbo: ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ndani ya gesi nyembamba mno hata atomu hukaa muda mrefu bila kugongwa. Hapa duniani atomu hugongana kabla hazijawahi kung'aa. Sehemu hiyo ya katikati huungua upesi pichani, kwa hiyo piga nyingine za sekunde 1 uje uzichanganye.

6. Buluu ya pembeni ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, kama lile la Kilimia.

Kwa macho utaona kijivu tu, kwani gizani hatuoni wekundu; usidhani umekosea mahali. Na usichelewe: ikifika Juni, Jabari yuko upande mmoja na jua, humwoni.