Jifunze Habari za Klachi ya Trekta

Msimu wa kulima ukifika, trekta moja katika skimu hungojwa na wenye mashamba wengi, na mvua haimngoji mtu. Klachi ya trekta hilo ikiungua siku ya pili ya kazi, hasara si ya mwenye trekta peke yake. Ni ya kila mkulima aliyeandikwa katika zamu, na yule wa mwisho katika orodha huenda akapanda mahindi yake wiki tatu baada ya wenzake. Kwa hiyo mwezi huu tutaeleza klachi ni kitu gani, imefanywa kwa vyuma gani, na ni mambo gani yanayoiharibu kabla ya wakati wake.

Somo hili ni la mwenye trekta na dereva wake, lakini mkulima anayekodi tu asilipite, maana yeye ndiye asimamaye kando ya shamba akiona jinsi kazi aliyoilipia inavyofanywa. Mwenye pikapu ya kupelekea viazi sokoni naye atafaidika, kwa kuwa klachi ya gari lake ni ndugu ya ile ya trekta.

Kwa Nini Klachi Ipo

Ng'ombe wa plau huweza kuanza kuvuta akiwa amesimama kabisa. Hujitia nguvu mabegani, mnyororo hukazika, na plau huanza kwenda. Injini haina uwezo huo. Injini ya dizeli iliyosimama haiwezi kusukuma hata kopo. Lazima kwanza iwe inazunguka, na hata ikiachwa ingurume pole pole bila kazi yo yote, huzunguka mara 600 au zaidi kwa dakika moja. Lakini magurudumu ya trekta lililosimama hayazunguki hata kidogo. Basi tuna vitu viwili, kimoja kinakwenda mbio na kingine kimetulia, nasi twataka vishikane. Tukivishikanisha ghafula, ama injini itazimika au chuma kitavunjika.

Klachi ndiyo inayovishikanisha kwa taratibu. Ndiyo pia inayoviachanisha kwa muda mfupi wakati dereva anapobadili gia, ili meno ya gia yasisagane.

Fanya jaribio hili hapo ulipo. Weka viganja vyako viwili pamoja bila kuvikaza, kisha zungusha kimoja. Kingine hubaki mahali pake. Sasa vibane kwa nguvu ukizungushe tena: vyote viwili huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Halafu jipake mafuta kidogo ya kupikia, uvibane kwa nguvu ile ile. Viganja vyateleza. Mwenye kuyaelewa mambo haya matatu amekwisha kuielewa klachi. Na kama ulisugua viganja hivyo kwa muda, umeona kwamba vilipata moto. Hilo nalo tulikumbuke, maana tutarudi kwake.

Vyuma Vyenyewe

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Limefungwa kwa boliti kwenye krankshafti, kwa hiyo injini ikizunguka nalo huzunguka, ikisimama nalo husimama. Uso wake wa nyuma ni laini na bapa. Huo ni kiganja cha kwanza.

Mbele ya uso huo hukaa pleti ya klachi, sahani nyembamba ya chuma iliyobandikwa laini kwa ribiti pande zote mbili. Laini ni kitu kigumu chenye kukwaruza, namna moja na ile ya breki. Katikati ya pleti kuna tundu lenye meno, na ndani yake hupita shafti iendayo kwenye giaboksi, nayo ina meno kama hayo. Pleti yaweza kusogea mbele na nyuma kidogo juu ya shafti, lakini haiwezi kuzunguka bila kuizungusha shafti pamoja nayo. Pleti nyingi zina springi fupi zilizopangwa duara karibu na katikati. Kazi yake ni kupokea ule mshtuko wa kwanza, ili usifike kwenye meno ya gia.

Chuma cha tatu ni presha pleti. Hii imo ndani ya kifuniko kilichofungwa kwa boliti kwenye flaiwili, na nyuma yake kuna springi kali. Katika matrekta mengi ya zamani springi hizo ni kadhaa, zimejikunja kama za kitanda. Katika pikapu nyingi za siku hizi ni moja tu, pana kama sahani, iliyokatwa vidole kuelekea katikati. Kazi ni ile ile: kuisukuma presha pleti iibane pleti ya klachi juu ya flaiwili, mfano wa mkate uliobanwa kati ya mikono miwili.

Angalia jambo ambalo watu wengi hulikosea. Mguu wa dereva hauifungi klachi. Springi ndizo ziifungazo wakati wote. Mguu huifungua. Ukikanyaga pedali, fimbo au kebo (au mafuta ya breki, katika magari mengi ya sasa) huvuta uma mmoja wa chuma, na uma huisukuma beringi ya klachi mbele. Beringi huvikanyaga vidole vya kifuniko, navyo huirudisha presha pleti nyuma kwa unene wa kucha hivi. Unene huo mdogo watosha. Pleti ya klachi imeachiliwa, injini yazunguka peke yake, na gia zimetulia. Ukiinua mguu pole pole, springi hubana tena: kwanza kidogo, kwa kuteleza, kisha zaidi, mpaka vyote vitatu vinazunguka kama chuma kimoja.

Joto Ndilo Adui

Wakati ule wa kuteleza, nguvu za injini haziendi zote kwenye magurudumu. Nyingine hugeuka kuwa joto. Hesabu yake si ngumu. Tuseme injini inatoa nguvu za farasi 20, na shafti ya giaboksi inazunguka kwa nusu ya mwendo wa injini kwa sababu klachi inateleza. Basi nusu ya nguvu hizo, yaani farasi 10, ni joto tupu. Hizo ni zaidi ya kilowati 7, sawasawa na majiko saba ya stima ya kilowati moja yakiwaka pamoja ndani ya nyumba ya klachi, mahali pasipo na hewa ya kutosha. Kwa sekunde mbili za kuondoka hakuna madhara. Kwa dakika mbili, laini huungua na kutoa harufu kali ya kuchoma pua, flaiwili hupata madoa ya buluu na nyufa, na springi hulegea.

Sasa fikiri juu ya dereva anayelima katika udongo mweusi wa Mwea au penye maji karibu na Ol Kalou. Plau imezama mno, injini yaanza kulemewa. Badala ya kuinua plau kidogo au kushuka gia, yeye akanyaga klachi nusu na kuongeza mafuta ili injini ingurume. Mwenye shamba husikia ngurumo hiyo akafurahi, akidhani trekta lafanya kazi kwa bidii. Trekta linaunguza klachi yake. Kadhalika dereva anayelizuia trekta mlimani kwa nusu klachi, bila breki, akizungumza na rafiki aliyekutana naye njiani.

Tabia nyingine mbaya ni kupumzisha mguu juu ya pedali. Dereva hasikii tofauti, lakini uzito wa kiatu peke yake hutosha kuifanya beringi iguse vidole siku nzima. Beringi huisha, nazo springi hazibani kwa nguvu zake zote. Mahali pa mguu wa kushoto, ikiwa hubadili gia, ni sakafuni.

Nafasi ya Pedali

Bonyeza pedali kwa mkono, injini imezimwa. Mwanzoni itashuka kwa wepesi, kisha utasikia inakuwa nzito. Mwendo ule mwepesi ndio nafasi ya pedali. Katika matrekta mengi ya fimbo huwa kati ya nusu inchi na inchi moja na nusu, lakini kipimo cha haki kimo katika kitabu cha trekta lenyewe, na hicho ndicho cha kufuata.

Nafasi hii haikai ilivyo. Kadiri laini inavyolika, presha pleti husogea mbele, vidole hurudi nyuma kuikaribia beringi, na nafasi hupungua. Ikiisha kabisa, beringi husukuma wakati wote, na klachi yaanza kuteleza ingawa hakuna mtu aliyeikanyaga. Nafasi ikizidi, pedali hufika chini kabla klachi haijaachia sawasawa, na gia hulia zikiingizwa. Kuirekebisha kwa spana ni kazi ya dakika chache. Ni jambo la kusikitisha kuona trekta likipasuliwa katikati kwa gharama kubwa kumbe nati moja ingalitosha miezi miwili kabla.

Ukishuku kwamba klachi inateleza, lijaribu trekta mahali tambarare pasipo watu mbele. Funga breki imara, weka mawe kwenye magurudumu, tia gia ya juu, kisha achia klachi pole pole. Injini ikizimika, klachi yabana. Ikiendelea kunguruma na trekta limesimama, klachi yateleza. Zima mara moja, usirudie jaribio mara nyingi.

Kelele nazo husema. Ikisikika ukikanyaga pedali na kunyamaza ukiiachia, mara nyingi ni beringi ya klachi. Ikiwa kinyume chake, mwambie fundi atazame beringi za giaboksi kabla ya kununua klachi. Trekta likitetemeka wakati wa kuondoka, yaelekea laini imepata mafuta au uso wa flaiwili umepindika kwa joto.

Pale Klachi Inapoua

Kuna mambo matatu ambayo kila dereva yampasa kuyajua, maana si ya hasara ya fedha tu.

La kwanza ni mteremko. Mwenye trela la viazi katika barabara ishukayo kutoka Kinangop kwenda Naivasha hushikiliwa na injini yake kama ametia gia ya chini. Akikanyaga klachi, injini imejitoa. Sasa ni breki peke yake dhidi ya tani za mzigo, na trela humsukuma kutoka nyuma. Chagua gia kabla ya kuanza kushuka, na usiguse klachi mpaka chini.

La pili ni trekta lililokwama. Magurudumu ya nyuma yakishikwa na matope, au yakiwekewa gogo mbele, nawe ukaachia klachi ghafula, nguvu hutafuta kitu cha kuzungusha. Magurudumu hayazunguki, basi trekta lenyewe huinuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Jambo hili humalizika kwa sekunde moja au mbili, wala hakuna muda wa kuruka. Tia gia ya kurudi nyuma, au omba kuvutwa.

La tatu ni shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, ile madereva waiitayo PTO. Matrekta mengi ya Massey Ferguson 35 na 135, ya miaka ya 1960, yalitengenezwa na klachi mbili ndani ya kifuniko kimoja. Ukikanyaga pedali nusu, magurudumu husimama lakini PTO yaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka chini, vyote huachiliwa. Mtu aliyekanyaga nusu akadhani mashine ya kukatia nyasi imesimama, kisha mwenziwe akashuka kuondoa nyasi zilizonasa, amemtia mwenziwe hatarini. Hata pedali ikiwa chini kabisa, visu vizito huendelea kuzunguka kwa uzito wao. Na katika trekta lenye klachi moja, uzito huo waweza kulisukuma trekta mbele kupitia giaboksi, ingawa dereva amekanyaga klachi. Toa gia ya PTO, zima injini, ngoja visimame, ndipo mtu ashuke.

Kwa Fundi

Kuifikia klachi ya trekta ni kulitenga trekta vipande viwili, injini upande mmoja na giaboksi upande wa pili. Si kazi ya kufanyia chini ya mti kwa magogo. Kwa kuwa kazi ya kufungua ndiyo kubwa, badilisha beringi pamoja na pleti, hata kama ile ya zamani yazunguka bado. Laini ikiwa imelika mpaka ribiti zimekwaruza flaiwili, uso wake hauna budi kusawazishwa kwenye mashine ya leti. Na kama pleti ilikuwa na mafuta, tafuta sili inayovuja, ya injini au ya giaboksi, uibadilishe kwanza. Vinginevyo pleti mpya itakuwa kama ile ya zamani kabla ya mavuno.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Laini nyingi za zamani zilifanywa kwa asbesto, ambayo huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe na kutupwa mbali na watoto.

Wakati wa Kuliweka Trekta

Trekta likikaa bandani miezi kadhaa, unyevu huleta kutu, na pleti hugandamana na flaiwili. Siku ya kulima ukifika, dereva akanyaga pedali mpaka chini na klachi haiachii. Dawa yake ni rahisi. Unapoliweka, kanyaga pedali mpaka chini, kisha uizuie kwa kipande cha mti kilichopimwa urefu wake, ili pleti isibanwe. Andika kwenye usukani kwamba mti umo. Siku ya kuliwasha tena, uondoe kwanza, ujaribu gia zote injini ikiwa imezimwa, ndipo ulitoe bandani.