Sindano Iliyotumika: Anachojua Mhudumu na Anachofanya

Muulize mhudumu wa afya iwapo sindano iliyotumika hurudishiwa kifuniko. Atakujibu hapana, kwani alifundishwa hivyo chuoni. Lakini saa nane usiku, wagonjwa wakiwa wengi na kisanduku cha kutupia sindano kikiwa upande wa pili wa wodi, mkono hutafuta kifuniko. Hapo ndipo ajali hutokea.

Wengi huhofia HIV. Hata hivyo, anayedungwa na sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi hivyo ana uwezekano wa takriban 3 kati ya 1,000 wa kuambukizwa. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Virusi vyake huweza kudumu kwenye damu iliyokauka kwa muda wa siku 7 au zaidi. Chanjo ipo, dozi 3 ndani ya miezi 6. Watoto wetu huipata tangu 2001. Mhudumu aliyezaliwa kabla ya hapo hana budi kuitafuta mwenyewe. Wanaofua mashuka na kubeba taka pia wanaihitaji, ingawa ndio husahaulika kwanza.

Ukidungwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilikamue wala kulimwagia jiki. Mwarifu msimamizi wa zamu papo hapo ili wewe na mgonjwa mpimwe, mgonjwa akiridhia. Dawa za kuzuia HIV, maarufu kama PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Saa hizo 72 hupotea kwa sababu ya aibu. Muuguzi huficha jeraha akihofia kuitwa mzembe, au kushukiwa akionekana na dawa hizo. Msimamizi anayeanza kwa kufoka huwafunza wengine wote kunyamaza. Aanze kwa kuuliza kisanduku kilikuwa wapi, na kama kilikuwa kimejaa. Kisanduku hufungwa kikifika robo tatu. Kinachosukumiwa sindano kwa nguvu humdunga mtu.

Nawe mwananchi unayejidunga insulini nyumbani, weka sindano kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha uulize katika kituo cha afya kilicho karibu itakapopokelewa. Usiitupe pamoja na taka za jikoni.